MWALIMU MWANAFUNZI NA CHOMBO CHA MAWASILIANO: KUTOKA POSTA NA REDIO HADI MTANDAO

UTANGULIZI

Katika vikao vingi vya elimu vya siku hizi husemwa kwamba mtandao umeleta mapinduzi katika mafunzo ya walimu. Husemwa kana kwamba kabla ya kompyuta na simu za mkononi hapakuwa na Mtanzania aliyewahi kujifunza ualimu akiwa kijijini, mbali na chuo, huku ameshika chaki mbele ya watoto. Usemi huu si wa kweli kihistoria, na kisiasa una hatari yake. Taifa lililosahau kazi ya mikono yake hununua kwa wengine kitu ambacho lilikwisha kukitengeneza lenyewe, tena hukinunua pamoja na makosa yake.

Katika makala hii tunakusudia kufanya mambo matatu. Kwanza, kueleza jinsi Tanzania ilivyowafundisha walimu kazini kwa njia ya posta, redio na wakufunzi wasafiri kati ya mwaka 1976 na 1984. Pili, kuonyesha kilichofaulu na kilichoshindikana katika kazi hiyo. Tatu, kupima matumizi ya mtandao ya leo kwa kipimo cha historia hiyo. Msimamo wetu tunautaja mapema ili msomaji aupime hatua kwa hatua: chombo peke yake hakimfundishi mwalimu. Anayemfundisha ni mtu anayemjibu, na mwenzake anayekaa naye kujadili jibu hilo.

TATIZO LILIANZIA WAPI

Ukoloni haukuja kuelimisha wananchi. Ulihitaji makarani wachache, wakalimani wachache na walimu wachache wa kuwatoa hao makarani na wakalimani. Shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na zile za Waafrika ndizo zilizopata fungu dogo kuliko zote. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, watoto waliokuwa katika shule za msingi hawakufika 500,000 nchi nzima. Ubaguzi wa rangi shuleni uliweza kuondolewa kwa sheria, lakini upungufu wa walimu haukuweza kuondolewa kwa sheria.

Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, vilibadili swali. Swali halikuwa tena ni watoto wangapi watapenya kwenda sekondari, bali ni elimu gani itamfaa mtoto ambaye ataishi na kufanya kazi kijijini. Swali likiwa hilo, haikuwezekana tena kuridhika na shule kwa ajili ya nusu ya watoto. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, ilipokutana Musoma, iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, ambayo ilikuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Miaka kumi na miwili ilifutwa kwa kikao kimoja.

Tutazame hesabu ya uamuzi huo. Mwaka 1974 watoto wa shule za msingi walikuwa kiasi cha milioni 1.2. Mwaka 1978 walikaribia milioni 3. Ongezeko ni kama milioni 1.7. Tukiwagawa watoto 45 kwa kila mwalimu, tunapata haja ya walimu wapya zaidi ya 37,000. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo visingeweza kutoa idadi hiyo kwa muda huo, hata kama kila kitanda kingelaliwa na wanachuo wawili.

NJIA TATU ZILIZOKUWAPO

Mbele ya hesabu hiyo palikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuomba walimu nchi za nje. Lakini hakuna taifa linaloweza kuazima walimu 37,000 wa kuwafundisha watoto wake kusoma na kuandika lugha yao. Ya pili ni kungoja vyuo vijengwe; na maana ya kungoja ilikuwa kuwaambia watoto waliokuwa na umri wa miaka saba kwamba wao wamezaliwa mapema mno. Ya tatu ni kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, waliokuwa tayari wanaishi vijijini, kuwatia darasani, na kuwafundisha ualimu hapo hapo walipo.

Ilichaguliwa njia ya tatu. Wapo waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba ulikuwa uamuzi wa kubahatisha. Ukweli ni kwamba nchi ilikuwa na uzoefu. Elimu kwa njia ya posta ilikwisha anzishwa chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima mwanzoni mwa miaka ya 1970. Redio ilikwisha tumika katika kampeni kubwa za kujifunza kwa vikundi: Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Katika Mtu ni Afya watu wasiopungua milioni moja na nusu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasomewa kitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kule kujadili na kule kuchimba ndiko kulikoipa redio nguvu.

Nje ya mipaka yetu pia kulikuwa na mifano. Tangu miaka ya 1960 walimu wa wakimbizi wa Kipalestina walikuwa wakifundishwa kazini kwa masomo ya kuandikiwa yaliyoandaliwa Beirut. Jirani zetu wa Kenya nao, kutoka Kikuyu, walikuwa wakiwainua daraja walimu wao kwa masomo ya posta na redio. Tanzania haikuwa ya kwanza kuitumia njia hiyo, lakini ni nchi chache zilizothubutu kuitumia kwa ukubwa huo na kwa haraka hiyo.

MNYORORO WENYE VIUNGO VINNE

Mafunzo hayo yalijengwa kama mnyororo, na ni muhimu kada wa leo aujue mnyororo huo kiungo kwa kiungo.

(a) Maandishi. Mwalimu mwanafunzi alipelekewa vitabu vya masomo vilivyoandikwa kwa Kiswahili, vyenye mazoezi ya kujibu na kurudisha.

(b) Redio. Vipindi vilirushwa na Redio Tanzania ili kuyasindikiza maandishi.

(c) Kikundi na walimu wenyeji. Mwalimu mwanafunzi hakuachwa peke yake. Alifundisha vipindi vyake chini ya macho ya walimu wenye cheti waliokuwa shuleni hapo, na baada ya vipindi alikaa na wenzake kujisomea.

(d) Mkufunzi msafiri na Mratibu wa Elimu wa Kata. Hawa ndio waliopita shule hadi shule, wakasahihisha, wakakaa nyuma ya darasa kutazama somo, kisha wakazungumza na kijana kuhusu alichokifanya.

Mwishoni kijana aliitwa chuoni kwa muda wa kiasi cha wiki sita, akafanya mitihani, na akifaulu akapewa cheti cha Daraja C.

Tufikirie siku moja ya kijana huyo. Asubuhi yuko mbele ya darasa la kwanza lenye watoto sabini, wengine wamekaa chini. Alasiri yuko chini ya mwembe na wenzake wawili, kitabu kimoja mbele yao, wanabishana kuhusu namna ya kumweleza mtoto kwamba robo ni ndogo kuliko nusu, ilhali nne ni kubwa kuliko mbili. Jioni ni zamu yake katika darasa la kisomo la wazee. Usiku anaandika majibu ya zoezi kwa mwanga wa kibatari. Jumamosi anayapeleka majibu hayo barabarani kusubiri gari. Katika siku hiyo yote swali lililomkaa kichwani ni moja: nikikosea, nani ataniambia?

MATOKEO NA KASORO

Kati ya mwaka 1976 na 1984 vijana zaidi ya 45,000 waliandikishwa katika mpango huo, na zaidi ya 35,000 kati yao walihitimu. Hakuna chuo cha matofali kilichoweza kufanya kazi hiyo kwa muda huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, ukiwalinganisha walimu hao na wale waliofundishwa vyuoni, haukuona darasani ile tofauti kubwa iliyokuwa ikivumishwa. Udhaifu wao ulionekana zaidi katika undani wa masomo kama sayansi.

Hata hivyo jamii iliwabandika jina. “Mwalimu wa UPE” likawa tusi. Tujiulize: tusi hilo lilitoka wapi? Mara nyingi lilitoka kwa watu ambao watoto wao wangepata nafasi shuleni kwa vyovyote vile. Mzazi wa kijiji ambacho hakikuwa na mwalimu hata mmoja alijua kwamba uchaguzi wake haukuwa kati ya mwalimu wa UPE na mwalimu bora zaidi. Ulikuwa kati ya mwalimu wa UPE na ubao mtupu.

Lakini kulikana tusi si kuzificha kasoro. Mwana mapinduzi hujikosoa kwanza kabla adui hajamkosoa. Kasoro zilikuwapo, nazo zilimdhuru mtoto. Kijana ambaye mwenyewe hakuielewa vizuri sehemu katika darasa la sita hakuweza kuieleza kwa mwingine, na mtoto aliyefundishwa kosa alilibeba kosa hilo hadi mwisho wa shule. Vitabu vilichelewa. Redio ilikuwa kiungo dhaifu kuliko vyote, kwa kuwa shule nyingi hazikuwa na redio, na zile zilizokuwa nayo zilikosa betri. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta, na uhaba wa fedha za kigeni vilimnyima mkufunzi msafiri petroli na matairi. Mkufunzi asiposafiri, zoezi lililoondoka kijijini halikurudi, au lilirudi baada ya miezi, wakati mwenyewe amekwisha sahau alichoandika.

Tukiziangalia kasoro hizi kwa makini tunaona jambo moja. Pale mnyororo ulipokatika, ulikatika katika njia ya kurudi. Maandishi kwenda kijijini yalifika, hata kama kwa kuchelewa. Jibu la mkufunzi kwa kijana ndilo lililopotea njiani.

Kasoro kubwa kuliko zote ilikuja mwishoni. Mpango ulipofungwa mwaka 1984, msaada kwa mwalimu nao ulifungwa. Kijana alikabidhiwa cheti cha Daraja C akaachwa nacho. Tuliyachukulia mafunzo kama kampeni, yenye siku ya kuanza na siku ya kumaliza, kumbe ualimu unahitaji kulishwa kila msimu kama shamba. Kwa maoni yetu hilo ndilo kosa la msingi.

KOSA LINARUDIWA

Historia humrudia asiyejifunza kwake. Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa miaka ya masharti ya wakopeshaji, ya kuchangia gharama, na ya watoto kupungua shuleni. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulianza mwaka 2002, ada ya shule ya msingi ikiwa imefutwa, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka kiasi cha milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Baada ya hapo zikafuata shule za sekondari za kata. Kwa mara ya pili watoto walifika kabla ya walimu.

Vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya majuma machache, wakapelekwa kufundisha sekondari. Wananchi wakawapa jina la huduma ya kuongeza salio la simu: “voda fasta”. Kwa mara ya pili vijana waliojitolea kuziba pengo walipewa jina la dhihaka. Tofauti ni kwamba safari hii mnyororo wa mkufunzi msafiri haukuwapo kwa nguvu ile ya zamani. Mwalimu wa UPE alidharauliwa akiwa na kikundi, zoezi na mkufunzi. Mwalimu wa voda fasta, katika shule nyingi mpya, alidharauliwa akiwa peke yake.

MTANDAO UNAINGIA

Wakati huo huo chombo kipya kilikuwa kinaingia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilikwisha onyesha kwamba mtu anaweza kusomea shahada bila kuacha kazi. Kuanzia mwaka 2005 vyuo vya ualimu vya Serikali vilianza kuwekewa kompyuta na intaneti kwa msaada wa Sweden, nchi ile ile iliyosaidia elimu kwa njia ya posta miaka ya 1970. Mwaka huo huo wa 2005 ulianza mpango wa TESSA, ambamo vyuo vikuu vya Afrika, pamoja na Chuo chetu Huria, viliandaa masomo ya kumsaidia mwalimu darasani, yakawekwa mtandaoni bure, na mengine yakapatikana kwa Kiswahili. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa ukaanza kuelekea mikoani. Bei ya mawasiliano ikaanza kushuka.

Walimu wenyewe hawakungoja waraka. Walipopata simu zenye intaneti walijiundia makundi ya WhatsApp ya shule, ya kata na ya somo. Humo wanapeana maazimio ya kazi, mitihani ya kujipima, na maswali ya usiku wa manane. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, redio na televisheni zikarudi kuwa darasa, na simu ikawa njia ya mwalimu kumfikia mwenzake.

Serikali nayo iliweka utaratibu. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unamtaka mwalimu ajifunze mfululizo, akiwa shuleni kwake, katika jumuiya ya kujifunza pamoja na wenzake. Na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka masomo katika mfumo wa mtandao. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu. Ukiyatazama haya kwa jicho la historia utaona kwamba wazo lenyewe ni lile la mwaka 1976: maandishi, kikundi, mtu wa kuongoza. Jambo jipya, na ni jema, ni kwamba safari hii halikupewa siku ya kufungwa.

MIGONGANO MITATU

Mtandao una uwezo wa kuponya ugonjwa ule hasa uliouumiza mpango wa 1976: njia ya kurudi. Zoezi lililokuwa likichukua miezi laweza sasa kurudi jioni ile ile. Mwalimu mwanafunzi aliye kwenye mazoezi ya kufundisha anaweza kumtumia mkufunzi wake picha ya ubao, naye akamwambia alipokosea kabla ya kipindi cha kesho. Katika miaka ya 1970 hapakuwa na Mratibu wa Kata aliyeweza kuota jambo hilo. Lakini uwezo si utekelezaji. Kati ya viwili hivi ipo migongano mitatu.

Mgongano wa kwanza ni wa gharama. Kitabu cha posta kililetwa kwa mwalimu kwa gharama ya umma. Bando analinunua mwenyewe. Mwanachuo aliye kwenye mazoezi kijijini, asiye na mshahara bado, hupima kati ya bando na unga. Kama elimu ya ualimu inategemea mfuko wa mtu binafsi, basi tumerudisha kwa mlango wa nyuma ubaguzi ule ule tulioufukuza kwa mlango wa mbele. Safari hii haubagui kwa rangi bali kwa salio.

Mgongano wa pili ni wa lugha na umiliki. Nguvu moja ya mafunzo ya 1976 ni kwamba yaliandikwa nchini, kwa Kiswahili, kwa ajili ya darasa la hapa. Katika mtandao mkubwa wa dunia masomo mengi ya ualimu yameandikwa kwa Kiingereza, kwa darasa lenye watoto ishirini na maabara. Kupewa bure si sawa na kumiliki. Kilichotolewa bure ambacho hakijapasuliwa, kupimwa na kuandikwa upya na walimu wetu kinabaki kuwa nguo ya kuazima.

Mgongano wa tatu ndio mzito zaidi, nao ni wa mahusiano. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea unyapara wa viongozi. Unyapara waweza kuingia mtandaoni pia. Makundi mengi ya simu yaliyoanzishwa kwa ajili ya kujifunza yamegeuka mahali pa kudai takwimu: idadi ya wanafunzi ifike kabla ya saa sita, picha za kikao zitumwe leo. Mwalimu kijana akiuliza swali la somo katika kundi la namna hiyo, mbele ya wakubwa wake wote, anaogopa kuonekana hajui. Ananyamaza. Kwa hiyo tunapata chombo chenye kasi kubwa mno ya kupeleka amri, na ukimya katika njia ya kurudi. Betri ipo, mtandao upo, lakini ugonjwa ni ule ule wa mwaka 1980.

WAJIBU WETU

Kutokana na historia hii tunaona wajibu ufuatao kwa makada, kwa viongozi wa elimu na kwa wanavyuo.

(a) Kila mpango wa mafunzo ya mtandaoni upimwe kwanza kwa swali moja: mwalimu mwanafunzi akiuliza, nani anajibu, na kwa muda gani? Mpango usio na jibu la swali hilo ni maktaba, si mafunzo.

(b) Mawasiliano ya mwalimu aliye mafunzoni yahesabiwe kuwa kifaa cha kazi kama chaki na ubao, yagharimiwe hivyo, na masomo yaandaliwe yaweze kuhifadhiwa na kusomwa pasipo mtandao.

(c) Saa ya walimu kukaa pamoja ilindwe ndani ya ratiba ya shule. Kikundi chini ya mwembe hakikuwa mbadala wa teknolojia iliyokosekana. Ndicho kilichokuwa kiini cha mafunzo.

(d) Kundi la kujifunza litengwe na kundi la amri. Mahali pa kukiri “sielewi” pasiwe mahali pa kukaguliwa.

(e) Mkufunzi aendelee kusafiri. Picha ya ubao haionyeshi mtoto wa dirishani ambaye ameacha kusikiliza.

(f) Wanachuo wa leo wawatafute walimu wa UPE ambao bado wako hai vijijini, wengi wao wakiwa wastaafu, na kuyaandika waliyoyapitia kabla hayajazikwa pamoja nao.

HITIMISHO

Walimu wa UPE walitumwa kufanya kazi ambayo taifa lilikuwa halijajiandaa kuifanya, nao wakaifanya. Mamilioni ya Watanzania, pamoja na wengi wa wale waliowacheka, walifundishwa herufi ya kwanza na mmoja wao. Kama tunataka kuwashukuru, shukrani ya kweli ni kumtendea vizuri zaidi mwalimu mwanafunzi wa leo.

Naye, kama yule wa mwaka 1976, yuko kijijini usiku huu akiandaa somo la kesho. Tofauti ni kwamba mkononi ana simu badala ya kibatari. Swali lake halijabadilika: nikikosea, nani ataniambia? Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba upande wa pili wa simu hiyo yupo mtu.